UZI: Trela kuukuu la boti kuwa msingi wa karavani ya umbo la tone

NatiNaBolti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Kuna swali linalojirudia sana kwa wapenda ufundi: mtu kapata trela kuukuu la boti, boti lenyewe lilishauzwa au kuoza, na sasa anataka kulijengea karavani ya tone. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni kile kijumba kidogo kinachovutwa na gari la kawaida, mbele cha mviringo na nyuma kimeteremka. Ndani kuna kitanda cha watu wawili tu, na jiko liko nyuma chini ya mlango unaoinuliwa juu. Zilianza kujengwa Marekani miaka ya 1930, na mpaka leo wengi huzijenga wenyewe nyumbani kwa sababu ukubwa wake unaendana na shiti la plaiwudi, futi 4 kwa 8.

Mimi nimejenga juu ya trela la boti na naamini ni msingi mzuri. Ila tuelewane mapema: trela la boti halikuundwa kubeba nyumba. Liliundwa kubeba kitu ambacho uzito wake mkubwa uko nyuma kwenye injini, na ambacho chenyewe ni kigumu kiasi kwamba hakihitaji chesisi ngumu chini yake. Ukiyashika mambo hayo mawili, maswali mengi yanajijibu. Ukiyapuuza, utajenga kitu kizuri cha kutazama ambacho hakifai kuvutwa barabarani.

Tuanze na uzito. Kwenye trela la boti ekseli imesogezwa nyuma sana ili ikae karibu na injini. Karavani ya tone haina injini. Ukiweka kibanda palepale boti lilipokaa, mbele kunakuwa kuzito mno: shingo ya trela, yaani ule mkono mrefu unaokwenda kushika gari, inakandamiza nyuma ya gari, taa za mbele zinamulika juu, na usukani unakuwa mwepesi. Mtu akiona hivyo anasukuma kibanda nyuma, anapitiliza, na sasa shingo imekuwa nyepesi. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Trela lenye shingo nyepesi linaanza kupiga mkia likifika mwendo fulani, na linaweza kulivuta gari lote nje ya njia.

Kanuni inayofuatwa Marekani ni shingo kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela likiwa limepakiwa. Ulaya, ambako towba (chuma cha nyuma ya gari chenye mpira wa chuma unaoshika trela) za magari mengi zina kikomo cha kilo 75 hadi 100, watu huenda na asilimia 5 hadi 7. Mimi napendelea 10 hadi 12 gari likiruhusu. Kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye towba ndicho chenye neno la mwisho, si mazoea ya mtu yeyote humu.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua karatasi, orodhesha kila kitu kitakachokuwa juu ya trela: chesisi, sakafu, kuta, paa, mlango wa jiko, godoro, betri, maji, vyombo. Kila kimoja kiandikie uzito wake na umbali wa katikati yake kutoka kwenye mpira wa towba. Zidisha uzito kwa umbali, jumlisha majibu yote, kisha gawanya kwa jumla ya uzito. Unapata mahali kiini cha uzito kilipo. Tuseme jumla ni kilo 500, na kutoka mpira wa towba hadi ekseli ni mita 3. Ukitaka shingo ibebe kilo 60, yaani asilimia 12, kiini cha uzito lazima kikae sentimita 36 mbele ya ekseli. Ukikuta kiko sentimita 10 tu mbele, shingo ina kilo 17 hivi, na hapo usithubutu kuingia barabara kuu.

Na hapa ndipo trela la boti linapoyashinda matrela mengine. Mengi yake ekseli haikuchomelewa kwenye chesisi. Imeshikwa na U-bolti ili mwenye boti aweze kuisogeza kulingana na boti alilonalo. Unalegeza, unasogeza ekseli mbele, unapima, unakaza. Ukimaliza kusogeza, pima kutoka katikati ya kikombe cha shingo, kile kinachofunika mpira wa towba, hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili vilingane. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 hivi itakula matairi upande mmoja na trela litatembea kimshazari.

Karibuni kwa maswali. Mambo ya kutu na habu, yaani vitovu vya magurudumu, nitayaleta chini.

---

Nahodha Mstaafu

Asante sana mkuu kwa uzi. Nimeshusha boti majini kwa matrela haya karibu maisha yangu yote ya kazi, nataka niongeze jambo moja kabla watu hawajakimbilia kununua.

Trela la boti linazamishwa. Hakuna trela jingine linaloingizwa majini mpaka habu zifunikwe. Na linazamishwa likiwa na moto: limetoka barabarani, habu zimepata joto, halafu ghafla linaingia kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani ya habu inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, ile pete ya kuziba nyuma ya habu. Kama ni maji ya chumvi, beringi inaanza kuliwa siku hiyohiyo, na nje huoni kitu.

Kwa hiyo anayeuza akikwambia "beringi ni nzima, zungusha mwenyewe usikie", usikubali kwa kusikiliza tu. Inua gurudumu kwa jeki, vua kifuniko cha habu, chota grisi kwa kidole. Grisi nzima ina rangi yake ileile iliyotoka nayo koponi na inateleza. Ukikuta imegeuka nyeupe-nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Ukiisugua katikati ya vidole na kusikia chembechembe, ni chuma hicho, beringi imeshaanza kumeguka.

---

NatiNaBolti

Mzee wangu, umeniokolea maneno. Msimamo wangu kwenye habu ni huu: ukinunua trela la boti, usiamini beringi ulizozikuta hata zikionekana nzuri. Toa zote, pamoja na vile vikombe vya chuma ambamo beringi inazungukia, pamoja na sili ya nyuma, weka mpya. Ni kitu kidogo ukilinganisha na gurudumu kuchomoka ukiwa na kijumba nyuma.

Nieleze kwa karibu kidogo maana watu hukosea kwenye kukaza. Beringi mpya unaisukumia grisi mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola zake. Kupaka kwa nje haitoshi. Ukisharudisha habu kwenye ncha ya ekseli, yaani kile kichuma inachokalia, kaza nati kubwa huku unazungusha gurudumu kwa mkono ili beringi zikae sawa. Halafu legeza nati. Halafu ikaze tena kwa vidole tu, bila spana, na uingize pini mpya ya kuifunga. Pini ya zamani usiirudie. Gurudumu lizunguke kwa wepesi na ukilishika juu na chini kulitikisa usisikie mchezo mkubwa. Nati iliyobanwa kwa spana mpaka mwisho inaua beringi mpya safari ya kwanza.

Baada ya kilomita 15 au 20 za mwanzo simama, weka kiganja kwenye kila habu. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, usiendelee. Na karibu na kilomita 80 za mwanzo kaza upya nati za magurudumu, zina tabia ya kulegea kidogo rimu zikishajikalia.

---

MamaSafari

Wakuu, hongereni. Mimi ndo nataka kununua, sijui lolote la chuma. Nimepata trela la boti lina matairi madogo sana, kama ya toroli. Muuzaji anasema yanatosha kwa sababu karavani ni nyepesi. Ni kweli? Na nikienda kulikagua niangalie nini hasa?

---

NatiNaBolti

Dada, karibu. Kwenye matairi: uzito unaweza kutosha kweli, lakini kuna jambo la mzunguko. Tairi la rimu ya inchi 8 lina kimo cha sentimita 41 hivi. La inchi 13 la trela lina kama sentimita 61. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, lile dogo linazunguka zaidi ya mara 1,100 kwa dakika, hili kubwa chini ya 800. Beringi za gurudumu dogo zinafanya kazi karibu mara moja na nusu zaidi kwa safari ileile, na kila shimo la barabarani gurudumu dogo linatumbukia badala ya kupita juu. Kwa kushusha boti mtoni jirani hayana neno. Kwa safari ndefu ningebadilisha. Ila hakikisha habu zinapokea rimu kubwa, na madigadi yana nafasi.

Umri wa tairi usiuangalie kwenye kashata zake, maana matrela ya boti hukaa miaka yamesimama na kashata zinabaki mpya huku mpira umekufa. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limepita miaka sita au saba, hata kama linang'aa, lihesabu kwenye vitu vya kubadilisha.

Unapokagua chuma, nenda na nyundo ndogo na taa ya mkononi. Bomba za mraba za chesisi huoza kutoka ndani, kwa sababu maji huingia, chumvi inabaki, na hapakauki. Rangi ya nje inaweza kuwa safi kabisa. Gonga chini ya bomba kidogokidogo kuanzia shingoni mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia kwa ukali. Kilichooza kinatoa sauti iliyokufa, na wakati mwingine magamba ya kutu yanamwagika ndani ukiyasikia. Angalia zaidi sehemu tatu: shingo inapoingia kwenye chesisi, springi zinaposhikwa, na sehemu ya chini kabisa ya vile vyuma vya kati vilivyopinda, maana maji yote yanaishia hapo. Ukikuta magamba yanatoka kwenye vitundu vya kutolea maji, rudi nyumbani.

Na namba ya chesisi isomeke na ifanane na ya kwenye karatasi. Ukishabadilisha matumizi ya trela, mamlaka ya magari ya kwenu itataka kujua ni lipi.

---

Kijana wa Gereji

Mkuu NatiNaBolti, swali la springi. Trela nililonalo mimi linabeba zaidi ya tani moja, kibanda hakitazidi kilo 500. Si ndio salama zaidi?

---

NatiNaBolti

Kwa kuvunjika ni salama. Kwa kibanda siyo salama kivile. Springi iliyopangwa kwa tani moja ikibebeshwa nusu yake haipindi, kwa hiyo kila tuta linapanda moja kwa moja hadi kwenye kuta. Maungio ya plaiwudi yanaanza kuachia gundi, skrubu zinajilegeza, kabati za jiko zinafunguka zenyewe. Ukifika unakuta vyombo viko sakafuni.

Kama ni springi za vyuma bapa vilivyopangana, njia ya kawaida ni kupunguza chuma kimoja au viwili vya chini, lakini kile kirefu cha juu chenye macho ya kushikia usikiguse, hicho ndicho kinachoishika ekseli mahali pake. Bora zaidi ni kununua springi za uzito unaokufaa, maana hapo unajua unachobeba. Ekseli ya aina ile yenye mikono na mpira ndani ya bomba haipunguzwi hivyo. Ukiwa nayo na imezidi sana uwezo, ibadilishe nzima. Na iliyokaa majini miaka mingi ichunguze: ukiinua trela kwa jeki mkono wa gurudumu haushuki hata kidogo, basi mpira umechoka au umegandia.

Upepo wa matairi nao unasaidia. Watengenezaji wa matairi ya trela wana jedwali la upepo kwa uzito. Usijaze mpaka kikomo kilichoandikwa ubavuni kama uzito wako ni nusu, ila pia usishuke chini ya jedwali, tairi lenye upepo mdogo linapasuka kwa joto.

---

Seremala wa Mtaa

Naomba tuingie kwenye chesisi. Vile vyuma vya kati vimepinda kuelekea chini kwa ajili ya tumbo la boti. Sakafu yangu ni bapa. Nakata vyote nichomelee vilivyonyooka, au?

---

NatiNaBolti

Usikate kwanza. Vile vyuma vilivyopinda ndivyo vinavyozishika zile bomba mbili ndefu zisitanuke wala kujikunja. Weka vipya kwanza, vilivyonyooka, ndipo ufikirie kutoa vya zamani. Na mara nyingi hata huna haja ya kuvitoa.

Njia ninayoipenda ni kuleta bomba za mraba za milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, kuzilaza juu ya zile bomba ndefu, na kuzifunga kwa U-bolti au kwa pembe za chuma zenye bolti. Zile mbao zenye zulia ambazo boti lilikuwa linalalia, rola na winchi, vyote vinatoka. Nne au tano kama hizo zinatosha chini ya sakafu ya mita 2.44. Huchomelei kitu, kwa hiyo zinki ya chesisi inabaki nzima. Na lile bonde lililobaki katikati, chini ya sakafu, ni mahali pazuri pa tangi la maji: liko chini, karibu na ekseli, halibadilishi uzito wa shingo sana likijaa au likiisha.

Ukilazimika kutoboa bomba ndefu, toboa ubavuni, katikati ya kimo chake. Usitoboe juu wala chini. Chesisi ikipinda, juu na chini ndiko kunakobeba mkazo mkubwa. Katikati ya ubavu kuna utulivu. Tundu moja baya chini ya bomba, mbele ya springi, ndipo ufa unapoanzia.

Sasa lile jambo la boti kuwa gumu lenyewe. Chesisi ya trela la boti inajipinda. Ukisimama nyuma yake likiwa tupu ukakanyaga kona moja, utaona kona ya mbele ya upande wa pili inainuka. Boti halijali, tumbo lake ni ganda gumu. Kwa hiyo kibanda chako nacho lazima kiwe ganda gumu: sakafu, kuta mbili, paa, na ukuta wa ndani unaotenga jiko na kitanda, vyote vimeshikana kwa gundi na skrubu mpaka viwe kitu kimoja. Ule ukuta wa ndani usiuchukulie kama kabati, ndio unaozuia kuta zisilale. Kisha kibanda kizima kikae juu ya chesisi na kufungwa kwa bolti zinazopita mpaka chini, na kati ya mbao na chuma weka vipande vya mpira mgumu. Mpira unachukua mtikisiko na unazuia maji yasikae kati ya mbao na chuma.

---

Welda Makini

Naunga mkono kutochomelea pale inapowezekana, na naomba nilisemee hili kwa uzito. Matrela mengi ya boti ni chuma kilichochovywa kwenye zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma kinayeyuka karibu na 1,500. Maana yake kabla chuma hakijaungana, zinki yote iliyopo hapo imeshakuwa moshi mweupe mbele ya pua yako. Ukiuvuta, jioni unashikwa na homa, baridi, mwili kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida huisha siku moja au mbili, lakini mapafu siyo ya kuchezea.

Mafundi wengi wanaamini ukinywa maziwa kabla ya kazi hudhuriki. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni. Hayakukingi.

Kinachokinga ni kuondoa zinki kwa grainda sentimita chache kila upande wa maungio mpaka uone chuma kitupu kinang'aa, kufanya kazi nje penye upepo unaotoka mgongoni kwako, na kuvaa barakoa ya moshi wa chuma, siyo kitambaa. Hata wakati wa kusaga kwa grainda ivae. Ukimaliza, paka rangi ya zinki mahali ulipochomelea, la sivyo kutu itaanzia hapohapo. Na kama maungio yenyewe yako kwenye shingo au kwenye kishikio cha springi, mpe mtu anayeifanya kila siku.

---

Seremala wa Mtaa

Shukrani wote wawili. Upande wa mbao niseme kidogo, maana ndio wangu. Shiti la plaiwudi la milimita 18 lina kilo 25 hadi 37 hivi kutegemea mti. Watu wanajenga sakafu, kuta na kabati zote kwa 18 halafu wanashangaa uzito. Sakafu iwe ya 12 juu ya fremu nyepesi, kuta 12, paa shiti mbili za milimita 3 zilizogandishwa moja juu ya nyingine kwenye mviringo. Katikati weka foamu ngumu ya kuzuia joto.

Chini ya sakafu ndiko kunakooza kwanza. Paka kingo zote kabla ya kufunga, siyo baada, ukishafunga hufikii. Kingo za plaiwudi zinanyonya maji kuliko uso wake. Mimi natumia epoksi kwenye kingo na lami ya maji chini kote.

Mbao zilizotibiwa kwa dawa ya shaba usiziweke moja kwa moja juu ya chuma cha kawaida wala alumini, shaba inavila vyote. Bolti ziwe za chuma cha pua au zilizochovywa zinki nene, na mpira katikati kama alivyosema mkuu.

---

MamaSafari

Sasa naelewa. Je, umeme? Lile trela taa zake hazifanyi kazi kabisa.

---

NatiNaBolti

Dada, ng'oa nyaya zote. Kweli zote. Nyaya za trela la boti zimekunywa maji na shaba ndani imekuwa nyeusi. Ukirekebisha taa moja wiki hii, nyingine inazima wiki ijayo.

Tatizo la kawaida zaidi ni ethi. Matrela mengi yanatumia chesisi yenyewe kama waya wa hasi, na kwenye chuma chenye kutu umeme unakosa njia, ndipo unapoona ukiwasha indiketa taa zote zinapepesa pamoja. Pitisha waya wa hasi wa peke yake hadi kila taa. Kwenye plagi ya pini 4 ya Kimarekani na ile ya pini 7 ya Ulaya, waya mweupe ndio wa hasi. Rangi nyingine zinatofautiana sana, manjano pekee ndiyo indiketa ya kushoto kwenye zote mbili na kijani ya kulia, kwa hiyo fuata mchoro wa plagi yako. Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki, na kila panapopita kwenye tundu la chuma pawekwe pete ya mpira.

Kikombe cha shingo nacho ukipime. Kuna mipira ya towba ya inchi 1 na 7/8, ambayo ni karibu milimita 48, kuna ya milimita 50, kuna ya inchi 2. Kwa macho yote ni sawa. Kikombe cha 50 kikifungwa juu ya mpira wa 48 kinaonekana kimeshika, na kwenye tuta kinaruka. Ukubwa umechorwa kwenye chuma chenyewe, usafishe kutu usome. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya shingo.

---

Nahodha Mstaafu

Mkuu, nina hoja ndogo. Kwa nini mtu asitoe ekseli, springi na habu zote akabakiza shingo na bomba tu? Nimeona ekseli nyingi za maji ya chumvi zikivunjika pale zinapochomelewa kishikio cha springi.

---

NatiNaBolti

Mzee, kwa trela la maji ya chumvi nakubaliana nawe kabisa. Kama limeishi baharini, hesabu tangu mwanzo kwamba unanunua chesisi na karatasi tu, na mpangilio wa chini wote utakuwa mpya. Ukiona gharama hiyo haikufai, basi hilo siyo trela lako. Breki pia: zile zinazojikaza zenyewe trela linapolisukuma gari huwa zimekwama kwa kutu. Ama zirudishwe kazini sawasawa ama zitolewe kama uzito na sheria vinaruhusu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, trela lisilo na breki mwisho ni kilo 750 na mzigo wake.

Kwa lililotumika ziwani au mtoni, ekseli mara nyingi inafaa. Futa kutu kwa brashi ya chuma pale ulipopataja, paka kitu cha kupenya, futa, tazama kwa taa ya pembeni. Ufa unaonekana kama unywele mweusi kwenye kingo ya maungio.

---

Kijana wa Gereji

La mwisho kwangu. Nikishamaliza kujenga nitapimaje shingo bila mizani kubwa? Mizani ya nyumbani inaishia kilo 120, na ninaogopa kuivunja.

---

NatiNaBolti

Tumia ubao. Pakia trela kama unasafiri kweli: maji, godoro, gesi, vyombo, kila kitu mahali pake. Liweke kwenye ardhi tambarare, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Chukua ubao mgumu. Ncha moja ikae juu ya tofali, ncha ya pili juu ya mizani, ubao uwe wa usawa. Sasa pima: shingo itulie juu ya ubao, umbali kutoka kwenye tofali uwe sehemu moja, na kutoka hapo hadi kwenye mizani sehemu mbili. Kwa mfano sentimita 40 na sentimita 80. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito. Ikisema 20, shingo ina kilo 60. Kabla ya kuishusha shingo, toa kile mizani inachosoma kwa ubao wenyewe. Na kimo cha shingo kiwe sawa na kimo cha mpira wa towba, trela likiinama majibu yanabadilika.

Pima mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yameisha. Dumu la lita 20 lililowekwa jikoni, mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye trela la mita 3 linapunguza kilo 8 shingoni. Ukiongeza betri ya risasi ya kilo 27 hapohapo, shingo imepoteza karibu kilo 19. Ndiyo maana betri naipeleka kwenye sanduku la mbele, juu ya shingo, pale winchi ilipokuwa. Shingo ya trela la boti ni ndefu, ina nafasi hiyo, na urefu huohuo unakurahisishia kurudi nyuma.

---

MamaSafari

Na gesi ya kupikia iwekwe wapi? Mtu kaniambia iingie ndani chini ya kitanda iwe salama na wezi.

---

NatiNaBolti

Hapana dada, isilale na watu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, na sakafu ndiyo mahali mnapolala. Mtungi ukae nje, mbele shingoni au kwenye kisanduku kilichofungwa upande wa ndani na chenye tundu la kutolea hewa chini kabisa. Kupika ni nje chini ya mlango wa nyuma, hata kukiwa na mvua, na jiko lisiingizwe ndani kupasha joto chumba. Kijumba cha ukubwa ule hewa yake ni kidogo sana, kaboni monoksaidi inaua bila harufu. Weka matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yasiyoweza kuzibwa. Yatatoa pia unyevu wa pumzi ambao vinginevyo utautia godoro ukungu.

---

Kijana wa Gereji

Spea gani nibebe?

---

NatiNaBolti

Habu nzima iliyokwisha jazwa grisi, yenye beringi na vikombe vyake ndani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ikiharibika barabarani hubadilishi beringi gizani, unabadilisha habu yote. Pamoja nayo sili, pini mbili tatu, spana ya ile nati kubwa, jeki inayofika chini ya ekseli ya trela (ya gari mara nyingi haifiki vizuri, ijaribu nyumbani), na tairi la akiba la trela lenyewe kwa sababu la gari halitaingia. Vyote vifunge mbele juu ya shingo, na viwepo siku unayopima kwa ubao.